Sifa za Msumari

Husemwa kwamba watumishi wa maofisini wamepungukiwa na imani. Nami nakanusha, kwa kuwa sijaona tawakali iliyo timamu kuliko ya karani achomekaye birika la chai na jiko la kupashia wali katika ekstensheni moja iliyokwisha kubabuka, kisha akalirejea faili lake kwa utulivu wa nafsi. Hesabu yenyewe haina siri: volti 230 mara ampea 13 ni wati 2,990, na birika la wati 2,000 likishirikiana na jiko la 1,500, waya haina budi kuhemkwa. Fyuzi, masikini, iliumbwa ife yenyewe kwanza ili jengo lisalimike. Lakini ilipokufa mara ya tatu, na chai ikachelewa, wakubwa waliihukumu kuwa ni dhaifu wa tabia, wakauajiri mahali pake msumari, mtumishi hodari asiyejua kukata umeme hata nyumba ikigeuka jivu.

Tahadhari, hata hivyo, haikusahauliwa. Mtungi wa gesi wa kuzimia moto upo, salama salimini, ndani ya stoo ambayo ufunguo wake anao mhasibu aliye likizoni, na kando ya swichi kuu imetengwa ndoo ya maji, kwa hisani ya yeyote apendaye kupigwa shoti kabla ya kuungua.

Ama ujira wa fundi, nimearifiwa kwamba utafikiriwa mwakani, baada ya kupakwa rangi ule ukuta uliopiga weusi nyuma ya soketi.