Jinsi ya Kuchora Ramani ya Maji Usiyoyaona

Mwenye kompyuta na rangi ya buluu hashindwi kuchora ramani ya maji ya ardhini. Lakini rangi ya buluu haijawahi kumkata mtu kiu. Mchimba kisima anataka kujua ashuke mita ngapi, na katika bonde kame, kukosea mita 40 ni kuteketeza michango ya kijiji kizima. Basi wewe uliyepewa kazi hiyo, fuata haya.

1. Toka ofisini. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, zilipima mvutano wa dunia na kugundua maji yakipungua katika eneo la mamia ya kilomita. Kisima cha kijiji hazikukiona. Kakione wewe.

2. Omba pampu izimwe tangu jioni. Kisima kinachovutwa hushusha maji yake na ya jirani. Fika alfajiri, kabla ya foleni ya ndoo. Mwamkie mlinzi wa pampu, maana ndiye anayekijua kisima. Shusha utepe wa kupimia mpaka uguse maji na kengele yake ilie, upandishe, ushushe tena, kisha usome. Bomba likichomoza nusu mita juu ya ardhi, toa nusu mita.

3. Andika tarehe. Mto wa msimu ukishuka na mafuriko, maji hupanda chini ya mchanga wake, na kiangazi yakazama. Vipimo vya Aprili na vya Oktoba visilale kwenye ramani moja.

4. Pima mwinuko wa ardhi. Tuseme kisima cha mlimani kina maji mita 30 chini, cha bondeni mita 6. Usikimbilie kusema bondeni kumejaa. Mlimani ardhi iko mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, bondeni mita 1,096. Fanya hesabu: vyote viwili maji yake yako mita 1,090.

5. Pasipo na kipimo, acha peupe. Kompyuta itajaza kila pengo bila haya, hata ng'ambo ya mwamba unaokata njia ya maji. Wewe uwe na haya.

6. Pima chumvi. Mwaka 2013 Kenya ilitangaza hazina ya maji chini ya Lotikipi, Turkana, iliyokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 200. Shangwe zikatanda. Maji yalipochunguzwa baadaye, yakakutwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa.

7. Rudi, tena na tena. Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo ndizo zilizoonyesha kwamba hazina inayonywesha jiji haijazwi na mvua ya kila mwaka: hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997–98. Aliyepima mwaka mmoja tu asingelijua hilo.

Kwa hiyo, wenye mafungu ya fedha, kabla hamjalipia ramani mpya ya rangi, mlipeni kwanza anayeshusha utepe kila mwezi. Vitunzeni visima vya uchunguzi, na madaftari yake yasiliwe na mchwa. Bila vipimo hivyo hakuna ramani.