Kama Halipo, Limekwama Kobero: Mwongozo wa Kutangaza Bei ya Pikipiki Ambayo Haijafika

Ukitaka heshima Cibitoke, hapa Bujumbura, usinunue pikipiki. Anayenunua huheshimiwa wiki mbili, mpaka nailoni ya kiti ichanike. Baada ya hapo ni motari, yaani bodaboda, kama motari wengine, amekaa kwenye foleni ya esansi (petroli) na kidumu mapajani. Heshima isiyochakaa ni ya mtu anayeijua pikipiki ambayo bado haijafika: rangi yake, siku yake na hasa bei yake. Huyo hakai foleni. Huyo hulipiwa chai na chapati.

Mimi si bingwa wa kazi hii, ila nimeketi na mabingwa miaka mingi, na mbinu zao naziandika hapa kabla hawajahamia kwenye bei ya magari.

Anza kwa kuchagua ligala. Msomaji wa Dar au Mombasa aseme kijiwe, aseme maskani, ni jambo lile lile: benchi, ukuta, kivuli, na watu wanaojua mambo. Ligala zuri ni lile lililo karibu na fundi, maana hapo daima kuna pikipiki iliyopasuliwa tumbo, na aliyekwisha kuiona injini ya mwenzake chini kwenye kipande cha boksi huwa yuko tayari kuamini habari za injini nyingine. Fika saa 11 jioni, motari wanapohesabu walichobakiza. Keti, usiseme kitu. Iangalie TVS iliyo mbele yako, utikise kichwa kidogo, kwa huruma, kama unavyomwangalia mgonjwa ambaye ndugu zake hawajaambiwa. Mtu atauliza tu.

"Hizi," sema, "zilikuwa nzuri."

Hapo umeshaingia. Ila angalia usije ukasema "nimesikia". Cibitoke nzima ina masikio. Kusikia si sifa. Sema "kuna mtu". Huyo mtu ana vyeo. Cha chini ni shemeji wa forodhani, ambaye kila familia inaye, kwa hiyo hatishi. Juu yake yupo komisioneri, yaani dalali, na habari yake naileta hapa chini. Wa juu kabisa ni dereva wa lori la Dar es Salaam, kwa sababu yuko njiani daima na hakuna atakayempata amuulize. Kutoka bandarini hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,400 za barabara, na katika umbali huo habari inapata muda wa kutosha kunenepa.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wahenga hawakuwa na mpaka wa kuvuka. Sisi tumeongeza kipande cha tatu: kama haliji, limekwama Kobero. Kobero, mpakani na Tanzania upande wa Muyinga, ndiyo dawa ya kila tarehe uliyoitaja ikapita. Mwezi ukiisha na pikipiki haikuonekana, usinywee, tazama upande wa Muyinga, uvute pumzi, useme: "Kontena mbili. Karatasi." Wakizidi kukubana, ihamishie ziwani: imeshushwa kwenye treni Kigoma, inangoja meli. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Hakuna uongo uliowahi kugusa chini yake.

Sasa bei, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka.

Mwanafunzi mvivu hutaja faranga milioni 10. Namba ya duara ni namba ya mlevi. Bingwa husema milioni 9 na laki 7, halafu anyamaze, halafu aongeze, kama aliyekumbuka: "Bila plaki." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayouza mzigo. Mtu aliyefikiria habari za plaki, yaani kibao cha namba, hawezi kuwa amebuni.

Namba hiyo hata hivyo haiokotwi hewani. Burundi tuna dola mbili: ya benki, ambayo tunaisoma, na ya mtaani, ambayo tunainunua. Mfanyabiashara anayeagiza pikipiki kutoka India, ziwe TVS za Hosur au Boxer za Bajaj wa Pune, mara nyingi hapati dola ya kutosha ya kusoma, basi anaitafuta ya kununua. Februari 2020, Benki Kuu, BRB, ilipofuta leseni za maduka ya kubadilisha fedha, ile ya mtaani ilijifunza kutembea kwa miguu na kuongea kwa sauti ya chini. Kwa hiyo huhitaji kuiona pikipiki ndipo ujue bei yake. Muulize muuza nguo ameuziwa dola kwa ngapi asubuhi ya leo, piga hesabu, ongeza lori, ongeza ushuru, ongeza ya huyu na ya yule, na umeshafika karibu. Nakiri hapa, kwa sauti ndogo, kwamba wazushi wetu hupatia mara nyingi kuliko wataalamu. Pikipiki wanaidanganya, dola hawaidanganyi.

Halafu eleza toleo lenyewe. Usijisumbue na mambo ya cc 125 au cc 150, hayo yameandikwa ubavuni na kila mtoto anayasoma. Taja tangi: "limevimba kidogo hapa," na mkono upapase hewa kama unapapasa ndama. Taja sehemu ya kuchajia simu. Kisha inama, uteremshe sauti, utaje inavyokunywa. Mahali pengine duniani watu huuliza pikipiki inakimbia kiasi gani. Sisi, baada ya miaka hii ya pampu kavu, ya esansi kuja kwa chupa kutoka Uvira, tunauliza inakunywa kiasi gani, kwa sauti ile ile ambayo mama humuulizia mchumba wa binti yake. Jibu bora nililowahi kusikia lilitoka kwa kijana mmoja wa Avenyu ya 6, mwembamba, na kijiti cha meno mdomoni: "Hainywi, mzee. Inanusa."

Nilimlipia chai mimi mwenyewe.

Wapo wanaojaribu toleo la umeme. Wanasema Kigali zipo, Nairobi zipo, Kampala zipo, motari anabadilisha betri kama anayebadilisha kreti ya soda. Yote ni kweli, na ndiyo kasoro yake, kwani uvumi wenye ukweli mwingi unachosha. Mara ya mwisho habari hiyo kuletwa kwenye ligala letu ilikuwa saa 1 jioni, taa zikazimika mtaa mzima kabla msemaji hajafika kwenye bei. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisema tu, "Endelea, tunakusikia."

Nilisema nitamleta komisioneri. Huyu usijaribu kumwiga, yeye amejaliwa. Asubuhi moja nilimkuta upande wa Mutakura akimwambia mwenye Boxer ya zamani kwamba toleo jipya linakuja rahisi mno, kwa hiyo auze sasa, kabla chuma chake hakijawa cha kupimwa kwa kilo. Jioni nikamkuta upande wa Ngagara akimwambia mteja kwamba toleo jipya litakuwa ghali halishikiki, kwa hiyo aishike hii Boxer, nzuri, ya mtu mmoja tu, mwalimu. Kati ya asubuhi na jioni hakuna meli iliyotia nanga wala dola iliyotikisika. Nilipomtazama, aliniinamishia kichwa kwa adabu. "Mkubwa," akasema, "soko lina pande mbili."

Mwongozo usio na majeruhi hauaminiki, basi nijitoe mimi. Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa na fedha ya pikipiki, taslimu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Nikaambiwa: subiri, mwezi wa 6 linaingia jipya, haya ya sasa yatashuka. Aliyeniambia alikuwa na mtu. Nikasubiri. Mwezi wa 5 BRB ikashusha thamani ya faranga, dola rasmi ikaruka kutoka 2,000 na kitu hadi 2,800 na kitu, na ya mtaani, isiyopenda kuachwa nyuma, ikaendelea na safari yake. Fedha ya pikipiki ikawa fedha ya pikipiki isiyo na injini. Nikajipa moyo. Mwezi wa 6, kweli, tangazo likaja, ila si la pikipiki: noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zinaondolewa, kila mtu apeleke zake benki ndani ya siku 10. Kopo langu lilikuwa limejaa hizo hizo. Kwenye foleni, jua la saa 6, nikiwa nimelikumbatia kopo kama mtoto mgonjwa, mtu wa mbele yangu aligeuka akaniuliza nilikuwa nawekea nini.

"Pikipiki."

"Ulingoja toleo jipya?"

Alikuwa na kopo pia.

Mwishowe nikanunua baiskeli, nikasahau kwamba Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuktuk zilikatazwa kuingia katikati ya mji. Kwa hiyo nazunguka nayo huku huku kwetu, Cibitoke hadi Kinama, Kinama hadi Cibitoke, na nina muda mwingi wa kupita kwenye maligala.

Msidhani maradhi haya ni yetu peke yetu. Nina mpwa Kanada, upande wa Quebec, ambako Warundi ni wengi na baridi ni nyingi zaidi. Alinitumia picha ya pikipiki ya theluji: mbele haina gurudumu, ina vibao viwili kama vya mwashi, nyuma ina mkanda mpana kama wa tingatinga. Mkoa huo ndio nyumbani kwa chombo hicho. Joseph-Armand Bombardier, mtu wa Valcourt, ndiye aliyetoa Ski-Doo mwaka 1959. Matoleo mapya, ananiambia mpwa wangu, huonyeshwa wakati theluji ya mwaka huu haijayeyuka, watu wakaagiza majira ya kuchipua, wakapewa theluji ijayo ikikaribia. Na miezi kabla ya kuonyeshwa, wazima wenye kazi na mishahara hukesha wakibishana injini itakuwa ipi, rangi ipi, itapanda kwa dola ngapi. Yamaha ilipotangaza mwaka 2023 kwamba inaacha kuzitengeneza, bila shaka huko nako alikuwapo mtu aliyetikisa kichwa na kusema alishaambiwa. Wana dola moja tu na bado wanazusha. Niliwaheshimu.

Kosa langu lilikuwa kuipeleka picha hiyo kwenye ligala. Simu ilipita mikono kama 9. Fundi aliikuza kwa vidole viwili, akautazama mkanda kwa muda mrefu, akauliza kama unapatikana mtaani Buyenzi. Nikaeleza: theluji, Kanada, haihusiani na sisi. Wakaitikia kwa vichwa, simu ikarudi ina alama za grisi, nikaenda zangu.

Juzi, natoka kuswali magharibi, yule kijana wa kijiti cha meno akanishika mkono, akanivuta kando ya ukuta, akaangalia huku na huku.

"Mzee, kuna moja inakuja haina gurudumu la mbele. Ya matope. Mvua za mwezi wa 4, unapita Buterere kama uko kwenye lami."

"Iko wapi sasa?"

"Kobero. Milioni 13 na laki 4. Bila plaki."

"Nani amekuambia?"

"Kuna mtu."

Nikatazama upande wa Muyinga kidogo, halafu nikamuuliza inakunywa kiasi gani.