Namna ya Kufika Lenana kwa Njia za Mkato, Ukitokea Shelly Beach

Unaishi Likoni, mita chache tu juu ya bahari. Jamaa zako wa Nairobi wametuma picha za barafu, nawe kwa ushujaa wa usiku ukajibu kwenye kundi la WhatsApp kwamba Januari mtakuwa pamoja Mlima Kenya. Umeshasema, na kila mtu amesoma. Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Kufika Point Lenana, mita 4,985, hakutaki kifua cha mwanariadha. Kunataka ujanja, na ujanja Pwani haujapungua. Fuata hatua hizi, na wa bara wakikuuliza nani kakufundisha, waambie ni damu.

1. Shusha lengo mapema, kimya kimya.

Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vilele vya watu wa kamba na vyuma vya kung'ang'ania mwamba. Waachie wenyewe. Lenana unakifikia kwa miguu yako, na si kilele cha kudharauliwa: Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Kisoi Munyao alikwenda kusimamisha bendera ya taifa hapo hapo. Kisha weka lengo la pili chini yake, usilitaje kwa mtu: kambi ya Shipton, mita 4,200, kwenye njia ya Sirimon. Ukikwama hapo, umefika ulikokusudia, na hutakuwa umesema uongo.

2. Fanya mazoezi bila kuonekana unafanya mazoezi.

Hakuna aibu kama ya kukimbia Likoni ukiwa na fulana inayong'aa, halafu mlimani ukashindwa. Basi usikimbie. Subiri maji yakupwe, teremka ufuoni Shelly, uache ule mchanga mgumu uliolowa ambao kila mtu anaupenda, utembee kwenye ule mkavu wa juu unaomeza kifundo cha mguu. Mchanga laini hukula nguvu zaidi ya maradufu ya ardhi ngumu, kwa hivyo saa moja yako ni kama saa mbili za mwenzako wa msitu wa Karura, Nairobi. Atakayekuona atadhani unapunga upepo. Siku za bamvua maji hutoka mbali na unapata muda mrefu, lakini ujue saa ya kujaa kabla hujaanza kuelekea kusini. Kuna sehemu bahari hurudi mpaka kwenye miamba, na hapo hakuna ujanja utakaokusaidia.

Mazoezi ya kupanda yako kwenye feri. Weka kilo kumi za mchele kwenye begi la mgongoni, vuka wakati maji yamekupwa, ule mteremko wa kushukia unapokuwa mkali, upande nao mpaka barabarani. Geuka, rudi. Mtembea kwa miguu halipi, na mtu mwenye begi pale Likoni haulizwi anakwenda wapi. Chagua saa ambayo umati wa kazini umeshapita, usije ukamwangusha mtu.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau: magoti hufa wakati wa kushuka. Ukiona jirani anahitaji mtungi wa lita ishirini ushushwe ghorofa tatu, jitolee. Utapata thawabu na mapaja.

3. Jaribu kidogo, mbali na wanaokujua.

Shimba Hills ni mwendo wa asubuhi tu kutoka Likoni. Nenda Sheldrick Falls ukisindikizwa na askari wa wanyamapori. Safari inaanza kwa kuteremka, halafu wakati wa kurudi ndipo kilima kinakudai. Mwezi unaofuata panda treni inayosimama Voi, uende Taita, ukapande Vuria, mita 2,208. Ukilala Wundanyi na ukatetemeka, umejua blanketi lako ni la Mombasa. Afadhali ulijue huko.

4. Vaa kitajiri kwa pesa ya Kongowea.

Hapa ndipo mwenye akili humshinda mwenye pesa. Jaketi ambalo dukani Nairobi litakumaliza mshahara, Kongowea linaning'inia kwenye msumari. Nenda asubuhi bale la mitumba linapofunguliwa, chagua kamera, zile bora za mwanzo; fagia, yale mabaki, waachie wachelewaji. Unataka tabaka tatu: nguo ya ndani isiyo ya pamba, sweta la manyoya ya plastiki, na jaketi la kuzuia mvua na upepo. Pamba ikilowa jasho haikauki, nawe utaganda ndani yake. Jinzi iache nyumbani kabisa. Kikoi chukua, lakini kibaki kambini.

Buti ndizo za kuangaliwa kwa jicho la mwizi. Soli za buti nyingi za mlima zina povu la plastiki linalooza ndani kwa ndani kwa unyevu, hata kama kiatu hakikuvaliwa miaka kumi. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, kisha kunja kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ukiona mipasuko midogo, au unga unakudondokea kiganjani, rudisha, hata akupunguzie mpaka bei ya chapati. Zikipita mtihani, mpelekee fundi viatu azungushie soli mshono wa uzi wa nailoni. Nunua namba moja zaidi ya yako, maana siku ya kushuka vidole husukumwa mbele na kucha huwa nyeusi. Zivae nyumbani, sokoni na kwenye feri kwa mwezi mzima. Watakucheka. Wenzako wenye buti mpya watalia siku ya pili.

5. Beba chakula cha kwenu.

Usinunue vile vipande vya nguvu vyenye picha ya mwanamume mwenye misuli. Tende, korosho, kashata na kipande cha halua ni nguvu ile ile, na hamu ya kula ikikatika huko juu, kitu kitamu ndicho hupita kooni. Maharage makavu usibebe. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa kama nyuzi 86 tu, na maharage yatakutazama mpaka gesi iishe. Tangawizi nyingi kwenye chai. Ukifika Shipton, begi lifunge: pimbi wa pale wamezoea watu, na hawabishi hodi.

6. Nenda polepole kuliko wote, kwa heshima.

Hii ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote, na vijana wenye vifua hawaijui. Karibu na Lenana kila pumzi inakupa kama nusu ya hewa ya oksijeni unayoipata Likoni. Mazoezi hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Mkimbiaji huugua sawa na mvuta shisha, na mara nyingi yeye huugua zaidi kwa sababu alikimbilia juu. Kinachokinga ni siku. Lala Nanyuki kwanza. Lala kambi ya Old Moses, mita 3,300, usiku mbili badala ya mmoja. Mchana wa katikati panda kidogo, ushuke kulala. Kundi likinung'unika, sema wewe ndiye umekuja kuutazama mlima.

Ukitaka kupumua, usiombe kupumzika. Simama mbele ya lobelia ndefu kuliko wewe, umuulize kiongozi inaishi miaka mingapi na inajikingaje na baridi ya usiku. Kiongozi wa mlima anapenda swali zuri, na jibu litakuwa refu. Una maswali kumi hivi mpaka Shipton, yatumie kwa mpango.

Lakini kuna mahali pa kuacha ujanja. Kichwa kikiuma, sema. Ukitapika, sema. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, akikohoa povu, au akijibu maneno yasiyoeleweka, shukeni papo hapo, hata kama ni usiku, hata kama kilele mnakiona. Kushuka ndiyo dawa. Dawa za vidonge muulize daktari kabla ya kuondoka, usiombe ya mtu njiani.

7. Mkodi mpagazi, ujivunie.

Wako watakaokwambia mwanamume habebewi begi. Waulize nani aliyewahi kwenda bara kutoka Mombasa bila msafara. Mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai mwaka 1848 aliongozwa na Bwana Kheri, akiwa na wapagazi, na mkononi mwake mwavuli. Tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Hakupanda, aliona tu, na jina lake likabaki, ingawa mabingwa waliokaa London walimbishia miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Mlipe mpagazi malipo kamili, umpe bakshishi mkononi mwake mwenyewe, na uhakikishe ana jaketi kama lako.

8. Shindwa kwa mtindo.

Usiku wa kilele mtaamshwa saa nane au saa tisa. Kabla ya kulala, mwambie kiongozi mbele ya wote: "Saa mbili asubuhi ikinikuta popote, nageuka." Sentensi hiyo moja itakuokolea uhai na uso. Ukigeuka saa mbili, umetimiza neno lako, hukushindwa.

Na ukitaka mfano, una Felice Benuzzi. Januari 1943 alitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki pamoja na Waitaliano wenzake wawili, na picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa ya karatasi ya mkebe wa nyama. Mmoja akaugua. Wawili wakajaribu Batian, ikawakatalia. Wakageukia Lenana, wakaacha bendera yao, wakashuka, wakajirudisha kambini wenyewe wakafungiwe. Kitabu chake kinasomwa hadi leo. Hans Meyer naye aligeuzwa na Kilimanjaro 1887, akatekwa njiani 1888 na watu wa Abushiri, aliyekuwa akipigana na Wajerumani Pwani, akafika kileleni 1889.

Kwa hiyo ukiulizwa Likoni, "Ulifika?", jibu kwa mita: "Nililala mita 4,200." Nyamaza. Wengi hawatauliza la pili. Atakayeuliza, mweleze kweli, na umwalike Julai, maana Julai hadi Septemba nako mlima huwa mkavu.

9. Siku utakayorudi, toa kamba za viatu, jaza buti magazeti, zitundike ndani mahali penye upepo, mbali na jua. Usiziache barazani. Hewa ya chumvi na unyevu wa hapa vitazila soli kabla ya Julai, nawe umeshazoeana nazo.