Nafasi ya Pili

Nilipokuwa shule ya msingi, siku nikirudi na ripoti iliyoandikwa nafasi ya pili, marehemu baba alikuwa na swali moja tu: "Huyo wa kwanza ana vichwa viwili?" Nimezeeka na swali hilo kifuani. Sasa nimepita hamsini, nimeamua kujifunza kinanda cha mdomo kwa mtindo wa blues, na jambo la kwanza ninaloambiwa ni kwamba nafasi ya kwanza ni ya wanaoanza. Mabingwa karibu wote wako nafasi ya pili. Nashukuru baba hakuishi kulisikia hili.

Kosa lilianzia Kariakoo. Nilinunua kinanda chenye matundu 24, kinang'aa kama bampa la gari la bwana harusi, kwa bei ya chipsi kuku. Nikahangaika nacho miezi miwili. Kilitoa sauti ya kutetemeka, tamu kiasi chake, lakini kila wimbo uligeuka kuwa wa Krismasi. Mpwa wangu anayeishi Marekani alinisikia kwenye simu, akacheka mpaka salio likaisha. "Mjomba, hicho hakipindiki." Kumbe mle ndani kila sauti ina ndimi mbili za shaba zilizopishanishwa kidogo kwa makusudi ili zitetemeke, na blues haina shida na mtetemo wa dukani. Blues inataka noti uipinde mwenyewe kwa mdomo, ishuke taratibu kama mtu anayeteremka ngazi umeme ukiwa umekatika. Alipokuja likizo akaniletea cha kweli. Matundu 10. Yaani nilipandishwa daraja kwa kunyang'anywa matundu 14.

Juu kimeandikwa C.

Mimi ni mtu wa kuamini maandishi. Mfuko ukiandikwa sembe, nyumbani tunasonga ugali. Nikatangaza mtaa mzima kwamba nina kinanda cha C na ninajifunza kupiga C. Mpwa wangu akanirekebisha: blues ya G ndiyo inayopigwa kwa C. "Na nikitaka kupiga blues ya C?" Tafuta kinanda cha F. "Na cha G kazi yake nini?" Kupigia D. Hapo nikamuuliza kama huko Marekani anakula vizuri.

Waliokulia kwaya wataelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Ukipuliza unapata do, mi, so, basi, kutoka tundu la kwanza hadi la kumi. Zilizobaki unazipata kwa kuvuta hewa. Nyumbani kwa wimbo kukiwa do, hiyo ndiyo nafasi ya kwanza, ya watoto wazuri na nyimbo za kulala. Wapiga blues wamehama pale. Wamepanga kwa so, kwenye tundu la pili, kwa kuvuta, na C imegeuka G pasipo mtu kubadilisha maandishi. Hiyo ndiyo nafasi ya pili. Ukihamia re unapata D, nafasi ya tatu. Nasikia mafundi wa kweli huenda hadi nafasi ya kumi na mbili. Siku hizi sishangai tena.

Kwa nini wahame? Kwa sababu kinanda hiki hakikutengenezwa kwa ajili yao. Matthias Hohner alianza kuvitengeneza Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, na mwaka 1896, wakati wenzake wakiwa huku kwetu wanamsaka Mkwawa milimani, kiwanda chake kikatoa aina iitwayo Marine Band. Ilikuwa ya kupigia nyimbo za kwao, puliza vuta, puliza vuta, kila mtu afurahi arudi kwenye bia yake. Zikafika kusini mwa Marekani, kwa watu weusi waliokuwa na huzuni zisizotosha kwenye do, mi, so. Wakagundua kwamba ukihamia upande wa kuvuta mambo mawili hutokea. Kwanza, fa ya C inageuka kuwa noti ya saba ya G, tena iliyoshushwa, ile inayoufanya wimbo usikike kama mtu aliyepewa notisi ya kuhama. Pili, matundu ya chini yanapinda vizuri yakivutwa. La tatu pekee linashuka nusu hatua mara tatu, na humo katikati ndimo blues inamolala. Mjerumani aliuza ala ya harusi, wao wakaitumia msibani. Hapo sina ugomvi nao, hata baba angewapa mkono.

Ugomvi wangu uko nyumbani.

"Baba watoto, acha kupuliza hicho kidude, watu walale."

"Sipulizi. Navuta."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Na kweli ni mbaya zaidi. Kupinda noti huelekezwi kwa macho, kwani kila kitu kinafanyika ndani ya mdomo. Unaambiwa uvute huku ulimi ukitoka kwenye "i" kwenda kwenye "u". Nimesema "iiii-uuuu" bafuni, jikoni, na kwenye foleni ya Ubungo vioo vikiwa vimefungwa. Binti yangu mdogo aliniuliza kama pumu inaambukiza.

Tundu la pili lenyewe, hilo ambalo ndilo nyumbani, halikutoa sauti kwa wiki tatu. Lilikoroma tu, kama bomba la maji mgao ukirudi. Nikasema mpwa kanunua kibovu. Nikampelekea fundi redio wa mtaani, akafungua skrubu, akapangusa, akafunga, kisha akakiweka mdomoni mwake bila kuomba ruhusa na kuvuta tundu la pili. Likaimba. "Mzee, kifaa kizima," akasema, akanitoza elfu tano kwa habari hiyo. Nilikuwa navuta kwa nguvu mno, kumbe lile tundu linataka uvute kama unayekunywa chai ya moto. (Nilikichemshia maji kukisafisha. Usifanye hivyo. Kinanda changu kina ubao ndani, na ubao ukilowa unavimba.)

Sasa nikafika kwenye aibu yenyewe. Kwa miezi sita nilikuwa najifunza wimbo mmoja, Juke, wa Little Walter, uliotoka mwaka 1952 na kuthibitisha kwamba kinanda cha mdomo kinaweza kuwa mbele ya bendi badala ya kubeba mikoba ya gitaa. Hauna maneno, kwa hiyo sikuwa na cha kusahau ila noti. Nilifika mahali ambapo mtu mwenye huruma angeutambua. Kuna baa jirani na kwetu, vijana wanapiga muziki Ijumaa. Nikamwendea mpiga gitaa.

"Kijana, Juke mnaijua?"

"Shikamoo mzee. Tunaijua sana, twende."

Wakaanza. Nami nikavuta tundu la pili kwa heshima zote. Sijawahi kusikia kelele kama ile, na nimewahi kuishi jirani na mashine ya kusaga. Wao walikuwa kwenye E. Gitaa linaipenda E, nyuzi zake zimekaa tayari kwa ajili yake, na Little Walter mwenyewe aliupiga wimbo ule katika E. Mimi nilikuwa G, na kila nilipogusa F yangu ilijibana na E yao kama viwiko kwenye daladala la asubuhi. Kijana akasimamisha bendi kwa adabu.

"Mzee, hiyo ni A?"

"Hii ni C."

"Sisi tuko E. Kwa E unatakiwa uje na A."

"Kama mko E, kwa nini nisije na E?"

Bendi nzima ikaniangalia kwa upole, kama mnavyomwangalia babu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Mpiga besi akanifundisha kuhesabu kwa vidole: anza na wimbo, hesabu herufi nne, ya nne ndiyo kinanda chako. E, F, G, A. Wimbo wa A: A, B, C, D. Rahisi kama kuhesabu chenji. Nikafurahi mpaka nilipojaribu F nyumbani: F, G, A, B, na kumbe hapo si B, ni B flati. Kanuni ya vidole vinne, halafu penye F kidole cha nne kinakatwa.

Mpwa wangu ana jibu: vinanda viko vya funguo zote 12, ninunue vyote. Nilimpigia mke wangu hesabu hiyo. Sitayaandika aliyosema, gazeti hili linasomwa na familia.

Kwa hiyo nabana matumizi. Kwa C yangu moja nimeamua kujifunza nafasi ya tatu, ile ya D, ukivuta tundu la nne. Inatoa sauti ya simanzi kubwa, na inanitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Jumapili iliyopita mama mkwe alikuwa sebuleni, nami chumbani nikifanya mazoezi. Nilipotoka nikamkuta amejitanda khanga, amevaa viatu, anauliza msiba uko nyumba ipi.

Nimeichukulia kuwa sifa.

Basi natangaza hapa. Bendi yoyote inayopiga G, nipo. Mkitaka D ya majonzi, nipo pia, hata kwa taarifa ya saa mbili. C nitapiga kama kuna watoto. E mnipe muda, kuna mtu nasikia anauza A yake Mbagala. Mlio kwenye F, tafadhali msinipigie simu.