Jinsi ya Kumshinda Mwalimu wa Kiingereza kwa Herufi Saba

Umeokota herufi A, E, I, N, R, S na T. Mbele yako kuna ubao wa Scrabble, na ng'ambo ya ubao ameketi mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye tangu afike anasahihisha matamshi ya watu. Usimwogope. Anachokuzidi ni maana za maneno, na maana katika mchezo huu ni mzigo wa bure.

Kwanza, acha kutafuta neno. Anayezikodolea macho kete zake akingoja neno limtokee atakesha. Zipange kialfabeti. Wachezaji wa mashindano wamekariri mafungu ya herufi yaliyopangwa hivyo, kama namba za simu za jamaa zao. Wakiona AEINRST, papo hapo wanataja RETAINS, NASTIER, STAINER, na hata RETSINA, divai ya Wagiriki inayonukia utomvu wa msonobari. Programu nyingi za kompyuta za kupangua herufi nazo hazina maarifa zaidi ya hayo. Zinapanga upya herufi za kila neno la kamusi kialfabeti, kisha maneno yaliyotokea na mpangilio mmoja yanawekwa pamoja, yakingoja kuitwa.

Huna kichwa cha kukariri? Kata mikia. ING, ED, ER na S zisogeze kulia, UN na RE kushoto, kisha uhangaike na zilizobaki.

Mtihani ni Q. Ina pointi 10, lakini U ya kuisindikiza daima iko mkononi mwa mwenzako. Wa kulaumiwa ni Alfred Butts, aliyebuni mchezo huu, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Alihesabu herufi magazetini ili ajue ipi iwe nyingi na ipi iwe chache. Ndiyo maana E ziko 12 na Q ni moja tu. Dawa ni QI, QAT na FAQIR. QAT ni mirungi na FAQIR ni fakiri, kwa hiyo Kiingereza hicho kigumu kumbe kimejaa vijiweni kwetu.

Usiishie hapo. Kamusi ya Collins, inayotumika katika mashindano ya kimataifa, inakubali UHURU, MATATU na UGALI. Tena inayatia maneno hayo wingi kwa namna yake: ukikuta UGALI ubaoni, bandika S bila aibu. MATATUS ni herufi saba kamili, na anayemaliza kete zake zote saba kwa mpigo anaongezewa pointi 50. Mwalimu atashika kichwa. Mwache.

Kama bado unaona haya kucheza na lugha usiyoijua, mtazame Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri kamusi tu. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Na mwaka huohuo wa 2015, huko Perth, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Mwingereza katika fainali ya ubingwa wa dunia wa Kiingereza. Hiyo nadhani haihitaji maelezo.

Mbinu zote zikigoma, tunga. Weka ubaoni kitu chenye sura ya neno, hesabu pointi kwa sauti, uwe mkavu wa macho. Mwalimu ana haki ya kulipinga, lakini kwa kanuni za mashindano mengi akipinga neno halali anaadhibiwa, na hofu hiyo ndiyo mtaji wako. Akikuuliza maana, hakuna kanuni inayokulazimisha kuijua. Sema ni samaki. Akiuliza wa wapi, sema wa Australia, kisha mkumbushe kwamba saa yake inakimbia.