Usahihi wa Rolex za Barazani mjini Bungoma

Usahihi wa saa ya mkono, kwa maana ya kitaalamu, ni tofauti kati ya wakati unaoonyeshwa na akrabu zake na wakati halisi baada ya siku nzima, nayo hutajwa kwa sekunde zilizozidi au kupungua. Fasili hii nyepesi imewahangaisha wanunuzi wa saa bandia zenye majina makubwa kama Rolex, zinazouzwa barazani mwa maduka katika miji ya Bungoma na Kitale, si kwa sababu saa hizo ni mbovu kupita kiasi, bali kwa sababu karibu kila kipimo kinachotumiwa kuzihukumu kina kasoro kubwa kuliko ya mshtakiwa.

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni matatu. Gari la kutoka Bungoma kwenda Kitale kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini huondoka likijaa, na makanga anayetangaza kwamba amebakiza mmoja huendelea kutangaza hivyo hata huyo mmoja anapokuwa ameshaketi na kuanza kusinzia. Hivyo abiria anayekunjua mkono wa shati ili kuitazama Rolex yake mara kwa mara hawezi kamwe kujua ni nani aliyechelewa. Kipimo cha pili ni jua, ambalo wazee huliamini kuliko chombo chochote kilichotengenezwa na binadamu. Tatizo ni kwamba Kenya nzima hufuata wakati wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti Kenya hata kidogo bali unapita Somalia, ilhali Bungoma iko karibu na nyuzi 34 na nusu. Na kwa kuwa kila nyuzi moja ni dakika 4, jua la Bungoma hufika utosini, kwa wastani, takriban dakika 40 baada ya saa kuonyesha saa sita mchana. Mzee anayeinua macho mbinguni na kumwambia kijana kwamba saa yake inakimbia, basi, anatafuta kosa la sekunde 20 kwa kutumia kifaa kilichopishana na serikali kwa dakika 40. Kuhusu kadi za harusi na harambee zinazotaja saa tatu kamili asubuhi, heri kunyamaza.

Baada ya vipimo yafaa kuutazama mtambo wenyewe, yaani mashine ndogo iliyofichwa nyuma ya uso wa saa. Mitambo ni ya jamaa mbili. Jamaa ya kwanza huendeshwa kwa springi inayotiwa ufunguo, au inayojikaza kwa kuchezacheza kwa mkono, na mwendo wake hudhibitiwa na gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi bila kuchoka. Rolex halisi ya siku hizi, kwa kawaida, hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde, na kampuni hiyo huahidi kwamba haitapishana na wakati kwa zaidi ya sekunde 2 kwa siku. COSC, taasisi ya Uswisi ya kupima saa iliyoanzishwa mwaka 1973, huridhika na saa inayochelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6. Mitambo mingi ya bei nafuu inayotiwa ndani ya saa bandia hupiga mapigo 21,600, hivyo akrabu ya sekunde hutambaa kwa kusitasita kidogo, jambo ambalo jicho lililozoea hulitambua hata kabla ya kusoma jina lililoandikwa kwa herufi zilizopinda.

Jamaa ya pili ni ya betri, ambayo hutegemea fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hapa ndipo uchunguzi unapowatia aibu matajiri. Saa ya kawaida ya kwatzi hupishana na wakati kwa takriban sekunde 15 kwa mwezi, ilhali Rolex halisi, ikitumia ruhusa yake yote ya sekunde 2 kila siku, inaweza kufikisha sekunde 60 katika mwezi huohuo. Maana yake ni kwamba mtu aliyeuziwa Rolex ya betri barazani kwa bei ya jogoo amelaghaiwa kuhusu kila kitu isipokuwa wakati.

Aibu huingia kwa mlango mwingine. Saa nyingi bandia huwa na visahani vitatu usoni na vitufe viwili ubavuni, kwa kuiga saa za kupimia mbio, ila katika nyingi kati yake vitufe hivyo havipimi chochote bali husogeza siku na tarehe. Katika Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara za Wabukusu, jamaa wa mjini hurudi nyumbani wakiwa wamevaa kila kinachong'aa, na mjomba anayetaka kuwaonyesha wapwa jinsi saa yake inavyopima mbio hubonyeza kitufe kwa madaha, kisha Jumamosi ikageuka Jumapili mbele ya ukoo mzima. Mvua ya alasiri humalizia kazi: mvuke hujikusanya chini ya kioo ambacho nyuma yake pameandikwa kwamba saa inaweza kuzamishwa mita 100.

Mwamuzi wa mwisho ni fundi wa saa, anayekaa nyuma ya kijisanduku cha kioo akiwa amebana lenzi jichoni. Ughaibuni fundi hutumia mashine yenye kinasa sauti inayosikiliza mapigo na kuchora mstari wa mwendo wa saa. Barazani saa husogezwa sikioni, kifuniko hufunguliwa kwa ncha ya kisu, kisha hukumu hutolewa kwamba ni betri, na mara nyingi hukumu hiyo ni ya kweli. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 haishughulikii mapigo, kwa kuwa inaharamisha kuuza saa ya namna hii hata kama haikosei sekunde moja kwa mwaka.

Kwa aliyekwisha kuinunua, hata hivyo, haki ni kuilinganisha na simu inayopata wakati wake kutoka mtandaoni, kuilaza uso juu usiku kucha, na kuitazama tena baada ya saa 24 kamili. Ikiwa haijapishana kwa zaidi ya sekunde 40, asirudi kwa muuzaji kudai fedha zake, na vile vitufe vya ubavuni asivibonyeze penye wageni.