Namna ya Kushindwa kwa Heshima Jiwe Likikataa Kuwa Dhahabu

Umeokota jiwe Buhemba, linametameta, na kichwani umeshanunua pikipiki. Tulia, ndugu yangu. Kabla habari hazijavuka Butiama kwenda Bunda, jipime kimyakimya. Ukishindwa bila shahidi, hujashindwa sana.

Anza na kivuli. Litazame jiwe juani, kisha lifunike kwa kiganja. Dhahabu hubaki na unjano wake juani na kivulini, uigeuze upande wowote. Kinachowaka na kuzimika kila ukikigeuza ni ulanga au pairaiti, yaani chuma na salfa tu.

Moyo bado unabisha? Chukua sindano, bonyeza punje moja inayong'aa. Dhahabu hubonyea, na ukiigonga kwa nyundo hutandazika. Pairaiti hupasuka ikawa unga. Kisha geuza kigae cha sakafu, uburuze punje nyingine upande wa nyuma usiong'aa: dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mweusi wenye ukijani. Mstari huo utakuumiza, lakini umeuona peke yako.

Sasa ponda kidogo, osha kwenye karai, zungusha taratibu. Dhahabu safi ina uzito mara 19 ya maji, pairaiti mara 5 hivi. Ulanga utaondoka na maji ya mwanzo. Dhahabu itang'ang'ania chini, hata mchanga mweusi utaitangulia kutoka. Ukiambulia patupu, usilitupe jiwe kwa hasira. Katika miamba ya ukanda wa Musoma na Mara, dhahabu huweza kujificha ndani ya pairaiti yenyewe, macho yasiione. Hapo ni maabara, si ubishi.

Zebaki ya kunasia dhahabu usiiguse. Najua ni rahisi, najua jirani anaitumia. Ukiichoma, mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, na mwilini hushikana na salfa iliyomo kwenye protini, vikiwemo vimeng'enya, navyo vikashindwa kazi. Anayechomea jikoni anawavutisha watoto wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 kwa sababu hiyo hasa. Bora upoteze jiwe.

Ukitaka kushindwa kitaalamu, nenda soko la madini. Masoko haya yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019. Omba kipimo cha eksirei. Kila metali ikipigwa mionzi hurudisha mionzi yenye nishati yake maalumu, kwa hiyo mng'ao hauna nafasi ya kuongea.

Na usione haya. Wanaochunguza fuwele za vimeng'enya kwa eksirei hukwama vivyo hivyo. Ayoni ya magnesi, ayoni ya sodiamu na molekuli ya maji, kila moja ina elektroni 10, hivyo kwenye ramani yao ya elektroni zinakaribia kufanana. Hata wasomi huandika metali waliyoitamani. Walio makini hupima umbali hadi kwa atomi za oksijeni zilizoizunguka: magnesi huzivuta karibu zaidi kuliko sodiamu.

Basi ukifika dirishani pa soko la madini, usiseme "nimeleta dhahabu". Sema "nimeleta sampuli". Jibu likiwa pairaiti, itikia kama mtu aliyeitarajia, na ukumbuke kwamba kipimo cha eksirei husoma juujuu tu: liombe jiwe livunjwe, lipimwe na ndani.